Mkeka Wenye Ndevu

Dawati la Kidawa lilikuwa la mwisho kabisa darasani, na ubavuni mwake hapakukaa mtu. Watoto wengine walikaa watatu watatu, mabega yakigusana, wakipokezana penseli na siri. Yeye alikaa peke yake kwa sababu dawati lile halikuwa la skuli. Lilikuwa la baba yake. Makungu bin Usi, fundi seremala, alilitengeneza kwa mabaki ya mbao siku alipoambiwa kwamba skuli haina nafasi ya mtoto asiyeona. Alilibeba kichwani kutoka kiwandani kwake mtaa wa Malindi, akalitua mbele ya mlango wa darasa, akasema, "Nafasi yake hii hapa."

Kidawa alikuwa na miaka kumi na miwili. Surua ilimchukua macho akiwa na minne. Hesabu za kichwa aliwashinda wenzake, na habari za wafalme wa zamani akizisikia mara moja zinamtosha. Somo lililomtesa ni sayansi, na si kwa ugumu wake. Lilimtesa kwa ajili ya neno moja ambalo Mwalim Mwanakheir, bila ya kujijua, alilisema kila akikamata chaki.

"Jani liko hivi," husema akichora ubaoni. "Maji yanaingilia hapa, yanapanda hivi."

Darasa zima huitikia kwamba ni hivyo. Kidawa naye huitikia. Kichwani mwake mlikuwa na vitu vingi vyenye jina moja tu, hivi.

Mwalim Mwanakheir hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeomba Kidawa aachwe akae, na yeye ndiye aliyekuja nyumbani kwao Kikwajuni Alhamisi moja, alasiri, buibui limemshika mwilini kwa joto.

"Hodi hapa."

"Karibu," akaitikia Sichana, mama yake Kidawa, aliyekuwa amekaa uwani anasuka ukili, ule utepe wa chane za mkindu unaoshonwa kuwa mkeka.

"Shikamoo Bi Sichana."

"Marahaba, mwalim. Kuna salama? Kidawa kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Jumatatu anakuja mkaguzi."

Sichana akamtolea kiti. Nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja, na mguu wake mmoja mfupi. Nyumba ya seremala ndivyo ilivyo. Mwalim akakaa kwa tahadhari, kiti kikapiga chini, kikatulia.

"Mwalim mkuu kasema hivi," akaendelea. "Mkaguzi atamuuliza Kidawa kama atakavyowauliza wengine. Somo la mimea. Akijibu, atabaki. Asipojibu, itabidi atolewe, maana darasa limejaa na mwalim mkuu hana la kumtetea."

Makungu alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka kazini, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisikia yote akiwa ukumbini. Kila asubuhi akipita barazani kwa wenzake huulizwa, Fundi, mwanao anasoma nini huko, giza? Naye hucheka nao, kwa sababu asipocheka watajua wamempata.

"Mwalim," akasema, "mie nimemtengenezea dawati. Macho siwezi kumtengenezea."

"Hakuna aliyekwambia utengeneze," Sichana akamjibu bila ya kuinua uso. Kisha akamgeukia mwalim. "Hiyo picha ya ubaoni ikoje?"

Mwalim Mwanakheir akaomba kipande cha karatasi. Ilipatikana ile ya dukani iliyofungiwa sukari. Akachora mmea mchanga wa kunde: shina, majani mawili, mzizi mkubwa na vijizizi vyake. Sichana akaitazama kama anavyotazama ruwaza ya mkeka wa mtu mwengine, akitafuta pale mkono ulipoanzia.

"Shina hili ukili wa chane saba," akasema. "Mizizi hii wa chane tatu. Majani nitayashona juu ya kipande cha mkeka, yainuke, ayashike."

"Utaweza?"

"Mwalim, mie mtu wa Makunduchi. Kwetu sote wasusi."

"Na kwa nini asishike mti wenyewe?" akauliza Makungu. "Kunde ziko tele huko Bumbwini."

"Mti atashika pia," akasema mwalim. "Lakini kuna vitu ukiung'oa vinakatika, vinabaki mchangani. Hata mie sijaviona ila kitabuni."

Sichana hakuuliza ni vitu gani. Alikuwa na la kuuliza, likamjia mpaka ulimini, akalimeza. Mtu asiyejua kusoma hujifunza mapema kuchagua maswali yake, asije akaonekana.

*

Ijumaa na Jumamosi hakusuka kitu chengine. Mkeka wa watu, wa harusi, aliuweka pembeni ungali nusu. Jirani yake, Bi Mwatima, alipita kuomba moto akaikuta ile kazi magotini mwake.

"Ndio nini hicho, bint Silima?" akauliza, akimwita kwa jina la baba yake. "Pweza?"

"Mkunde."

"Mkunde wa kulalia?"

"Wa kusomea."

Bi Mwatima akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mtu wa Makunduchi vilevile, na kwa mambo ya ukili hakuwa na huruma. Akageuza kile kipande, akapitisha kiganja upande wa nyuma, kama walivyokuwa wakifanya mama zao kwa mwari anayetaka kuolewa. Msusi akiunga chane mpya juu ya iliyokwisha, ncha zake hubaki zimejitokeza, na mkeka ukishamalizwa hizo hukatwa moja moja kwa kisu mpaka uwe laini. Mkeka usiosafishwa huitwa una ndevu. Mkeka wenye ndevu haupelekwi kwa watu, na huko shamba palikuwa na binti aliyerudishiwa posa kwa ajili ya mkeka wa namna hiyo. Jina lake bado linatajwa.

"Mkono wako haujambo," akasema Bi Mwatima, akachukua moto wake, akaenda zake.

Jumamosi alasiri Mwalim Mwanakheir akaja kuitazama kazi. Kidawa alikuwa chuoni, anadurusu Kurani. Sichana alikuwa jikoni, ana mchuzi wa samaki hauachiki. Mwalim akakaa peke yake uwani na ule mkunde wa ukili, akautazama kwa muda mrefu. Ulikuwa mzuri kuliko picha ya kitabu. Kitu kimoja tu kilipungua, ambacho katika karatasi ya sukari hakukichora kwa sababu penseli yake ilikuwa butu. Akachukua chane nyembamba, akazikata fupi fupi, akawa anazichomeka katika mizizi, nyingi, pande zote. Kazi ilimchukua mpaka jua likaanza kushuka. Nyumbani kwao walikuwa hawataki achelewe njiani.

"Bi Sichana, nshamaliza hapa," akasema kwa sauti. "Kesho nakuja nimuoneshe mwenyewe."

"Haya mwanangu. Hukai ukanywa chai?"

"Siku nyengine."

Sichana alipotoka jikoni akafuta mikono kwa kanga, akauokota mkunde. Akapitisha kiganja. Mizizi yote ilikuwa imejaa ncha.

Mwanzo alishangaa, kisha akatabasamu. Maskini, mtoto wa mjini. Kataka kunisaidia kuutia nguvu, mkono haukuzowea, na hakuna aliyemfundisha kumaliza kazi. Tangu Alhamisi alikuwa amejiona mdogo mbele ya yule msichana mwenye karatasi na penseli, na sasa, kwa mara ya kwanza, lilikuwapo jambo ambalo yeye analijua na mwalim halijui. Halikuwa jambo la kumsemea mtu. Lilikuwa la kumsitiri. Jumatatu mkaguzi, Mzungu, atashika kazi hii, aseme imetoka nyumba gani?

Akachukua kisu kidogo. Akazikata moja moja, kwa utaratibu, asijeruhi ukili. Akapitisha kiganja tena, mzizi ukateleza. Zile ncha akazikusanya katika upawa, akazitia motoni chini ya chungu cha wali. Ziliwaka mara moja.

*

Jumapili Mwalim Mwanakheir hakuja. Walimu wote waliitwa skuli kupaka chokaa na kupanga vitabu. Sichana akangoja mpaka adhuhuri, kisha akamketisha Kidawa mwenyewe.

"Tia mkono hapa. Hili shina. Panda nalo juu. Umefika wapi?"

"Jani."

"Katikati yake?"

"Mfupa."

"Si mfupa, mwalim kauita mshipa. Teremka sasa. Chini kabisa."

Vidole vya Kidawa vikashuka na shina, vikaingia mzizi mkubwa, vikatawanyika na vile vidogo. Akarudi juu, akashuka tena. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo Sichana hakuiona siku nyingi.

"Mama."

"Naam."

"Kumbe ni hivi."

Sichana akageuza uso, ingawa mtoto asingeweza kumuona.

"Mzizi wake mlaini," akasema Kidawa. "Unateleza kama kidole."

"Nimeusafisha mwenyewe."

Siku nzima hakuuweka chini. Alilala nao kifuani.

*

Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu, suruali nyeupe, Kiswahili chake cha vitabuni lakini kinasikilizana. Mwalim mkuu alisimama nyuma yake na daftari. Wakauliza mstari wa mbele, wakauliza wa kati, wakafika dawati la mwisho.

Kidawa akakunjua mkunde wake juu ya dawati.

Hapo ndipo Mwalim Mwanakheir alipouona. Alikuwa amesimama ukutani, haruhusiwi kusema neno. Mwanzo alidhani ni mwanga. Akasogea hatua moja. Mizizi ilikuwa mitupu.

"Jina lako nani?" mkaguzi akauliza.

"Kidawa Makungu, bwana."

"Hii ni nini?" Akamsogezea kidole kwenye jani.

"Jani, bwana. Hapa mshipa wake. Maji yakipanda yanafikia hapa."

"Yanapanda kwa wapi?"

"Kwa shina. Ndani yake mna njia."

Mkaguzi akamtazama mwalim mkuu, akainua nyusi, kama mtu aliyependezwa. Makungu, ambaye aliacha kazi akaja kusimama nje ya dirisha akijifanya anapita, alisikia kila jibu na kila jibu alilipokea kifuani.

"Vizuri. Sasa, mzizi. Mzizi unanyonya maji kwa kitu gani?"

Alhamisi darasani Mwalim Mwanakheir aligonga ubao mara tatu akasema, mzizi una hivi, na hivi ndivyo vinavyonyonya maji. Watoto wote waliviona. Kidawa akashusha vidole. Akapita mzizi mkubwa. Akapita vidogo, kimoja baada ya kimoja, mpaka nchani. Akarudi.

"Kwa ngozi yake, bwana."

"Hakuna kitu juu ya ngozi hiyo?"

Akapita tena, polepole. Mwalim Mwanakheir akafumba macho.

"Hakuna, bwana. Ni msafi."

Mtoto mmoja akacheka, wa pili akafuata, kisha benchi zima. "Vinywele!" akanong'ona mmoja, na yule wa kando akamfinya. Kidawa hakujua wanamcheka nani. Akacheka nao kidogo.

Mkaguzi hakucheka. Alisema kwa upole kwamba msichana huyu ana akili, lakini anajua kile tu alichoshikishwa, na sayansi ni kuona. Mwalim mkuu akaandika, mkaguzi akatia sahihi.

*

Jumatano dawati lilirudi nyumbani juu ya gari la hamali. Kutoka njia kuu mpaka Kikwajuni watu walilitazama likipita. Mmoja akauliza linauzwa kiasi gani. Makungu, anayetembea nyuma yake, akasema haliuzwi, akamwambia na wa pili, na wa tatu akampita.

Chumbani halikuwa na pa kukaa. Wakasogeza kitanda, wakasogeza kasha. Makungu akaliweka chini ya dirisha, akarudi nyuma kulitazama, akalisogeza tena shubiri moja ili lipate mwanga wa kusomea. Kisha akabaki amesimama, mkono juu ya mbao. Akatoka, asirudi mpaka baada ya Isha.

Alhamisi akaja Mwalim Mwanakheir. Safari hii alisimama mlangoni.

"Nimekuja kuaga, Bi Sichana. Nimehamishiwa Mkokotoni."

"Kwa ajili yetu?"

"Wamesema huko hakuna mwalim." Akatazama chini. "Kidawa yuko?"

"Yuko chuoni. Anataka Kurani tu sasa, mengine hataki kuyasikia."

Mwalim akatoa kitabu kutoka ndani ya buibui, kikubwa, jalada limechanika. "Hiki changu mwenyewe, si cha skuli. Mna picha za mimea yote. Nimekuletea." Kisha, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari za maiti: "Bi Sichana, zile nilizochomeka mizizini zilikwenda wapi?"

"Zipi? Zile ndevu?" Sichana akasema. "Nilizikata, mwalim. Nilikusitiri. Mkeka haupelekwi kwa watu na..."

Hakumaliza. Aliuona uso wa yule msichana.

"Zilikuwa nini?" akauliza. Mara hii aliuliza.

"Ndizo zinazonyonya maji," akasema Mwalim Mwanakheir. "Mzizi una vinywele. Vidogo mno, kwa taabu vinaonekana kwa macho. Ndivyo nilivyokwambieni, ukiung'oa mti vinakatika." Akashika kizingiti. "Kosa langu. Nilikaa pale alasiri nzima sikukwambia. Nilidhani nitakuja kesho yake."

Walisimama wote wawili. Ndani ya chumba lile dawati lilionekana, kubwa, kama mgeni aliyekuja bila ya kualikwa.

*

Sichana hakuwahi kuingia skuli ile. Ijumaa asubuhi alivaa buibui lake la kwenda mazishini, akaenda. Alingojeshwa uwanjani mpaka kengele ya mapumziko, watoto wakimzunguka. Mwalim mkuu akamsikiliza akiwa amesimama.

"Unasema wewe ndiye uliyekata?"

"Mimi. Kwa mkono wangu. Mtoto kajibu alichokishika. Kasema kweli, mwalim. Kilichosema uongo ni mkeka."

Mwalim mkuu alikuwa mwanamke aliyechoka, ana watoto mia tatu na vyoo viwili. Hakuwa na raha ya kusema alilolisema. "Mkaguzi kishaandika, Bi Sichana. Siwezi kulifuta neno lake."

"Harudi tena?"

"Anarudi mwakani."

"Atamuuliza?"

Mwalim mkuu akafikiri. "Mlete mwakani," akasema. "Na dawati lake. Lakini hatoulizwa mzizi tu. Ataulizwa masomo ya mwaka mzima."

Sichana akarudi nyumbani kwa miguu, maneno yale mawili, mlete mwakani, mkononi kama sarafu ambayo hajui kama duka litaipokea.

Kidawa alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu inaning'inia. Dawati hakuligusa tangu lilipokuja. Akipita, huzunguka mbali nalo.

"Kidawa."

"Naam, mama."

Akamwambia. Hakupunguza kitu, wala hakutafuta pa kujificha. Alipofika kwenye kisu, mtoto akaacha kutikisa miguu.

"Ulizikata zote?"

"Zote."

"Ukazitupa?"

"Nilizitia motoni."

Sichana angependa alie, au amlaumu. Mikono ile ndiyo iliyokuwa macho ya mtoto huyu kwa miaka minane: ndiyo iliyomwambia huyu ni papa na huyu ni changu, hii ni ngazi, huu ni ukuta. Sasa Kidawa aliinuka, akatoka uwani akipapasa ukuta mwenyewe. Sichana alinyoosha mkono kumshika, kisha akaurudisha. Siku ile Kidawa hakula. Siku ya pili alikula, lakini alipopewa samaki alimpapasa kwanza, kichwa mpaka mkia, kabla ya kumtia mdomoni.

Sichana alichukua mkunde, akakaa nao uwani, akawa anachomeka. Mwalim alichomeka kwa haraka. Yeye alichomeka kimoja kimoja, vijizizi vyote, akikitazama kile kitabu kilichofunguliwa juu ya jiwe. Maandishi hakuyajua. Picha aliijua. Penye kistari alitia kistari, hata alipokuwa hajui ni cha nini, hata alipodhani huenda ni uchafu wa mashine ya chapa. Mkeka wa harusi wa watu ulikuwa bado nusu.

Siku ya nne akauweka juu ya dawati, akaenda jikoni. Hakumwita mtu.

Alisikia kitanda kikilia. Alisikia nyayo, polepole, zikilikaribia dawati na kusita. Akachungulia. Kidawa alikuwa amesimama, hakukaa, vidole vyake viko chini kabisa mizizini, vinakwenda na kurudi.

"Ni vingi," akasema, bila ya kugeuka.

"Vingi," Sichana akaitika kutoka mlangoni.

"Vinachoma."

"Vya mti vilaini, kasema mwalim. Hivi vyangu ndivyo vilivyo."

Kidawa akavuta kile kiti chenye mguu mfupi. Akakaa. Kiti kikapiga chini, kikatulia.

"Ukurasa wa pili wa kitabu cha mwalim una nini?" akauliza.

"Sijui. Kitu cha mviringo. Kina vyumba ndani."

Bi Mwatima akaingia wakati huo, amekuja kuomba moto kama kawaida yake. Akaiona ile kazi juu ya dawati, akainama, akapitisha kiganja, akakiondoa upesi.

"Bint Silima," akasema, "umekuwaje? Mkeka wako una ndevu."

"Una ndevu," akasema Sichana. "Uwache, unakunywa maji."